Kengele Iliyovaa Kofia

Siku wifi yangu alipokibeba kile chuma kichwani, mimi nilikuwa nyuma yake hatua tatu, na nilikuwa namcheka. Namwambia, "Wifi, tembea kwa madaha, bwana harusi hakimbii." Naye ananijibu bila kugeuka, maana shingo ilikuwa haigeuki kwa uzito, "Wewe cheka tu, kichwa ni changu." Tukapita hivyo mtaa mzima, yeye na mzigo wake, mimi na kicheko changu. Kile chuma kilikuwa bomu, na lilikuwa zima. Hilo tulikuja kuambiwa miaka kumi na moja baadaye, na mpaka leo nikikumbuka kile kicheko mate yananikauka.

Naandika habari zake kwa sababu mwaka jana tulipomzika, aliyesoma wasifu wake alisema sentensi tatu. Kwamba alizaliwa, kwamba alikuwa mfagiaji wa shule, kwamba ameacha pengo. Pengo gani, hakusema, akakunja karatasi. Mimi darasa la saba nilimaliza, na nilifaulu, anayebisha aje nimwonyeshe cheti. Kwa hiyo pengo nitalieleza mwenyewe.

Alikuwa mke wa kaka yangu mkubwa. Mwanamke mfupi, mwenye mikono mirefu kuliko kimo chake, na ulimi mrefu kuliko mikono. Shule hakuwahi kuingia mpaka alipoajiriwa kuifagia. Lakini saa aliijua kuliko wenye saa. Kwenye sakafu ya baraza la ofisi alichora mistari kwa msumari. Kivuli cha nguzo kikigusa mstari wa kwanza ni saa mbili, watoto waingie. Wa pili saa nne, mapumziko. Wa mwisho saa nane, kila mtu kwao. Siku ya mawingu alikwenda kusikiliza redio ya mwalimu mkuu kwa sikio la kulia. La kushoto lilikuwa limekufa. Watoto walimwita Bibi Saa, na jina likamshika hata nyumbani.

Sikio lile lilichukuliwa na vita. Vita vilipita kwetu mara mbili, kwenda na kurudi, kama mtu aliyesahau kitu. Katika kurudi, kombora lilianguka nyumba ya tatu kutoka kwa kaka, na wifi alipoinuka chini upande mmoja wa dunia ulikuwa umezimwa. Sitaki kuyaeleza yote ya wakati ule. Nitasema moja tu, ili walio wadogo waelewe bunduki inafanya nini hata ikiwa haijafyatuliwa. Kabla yake, kijana akikukuta kisimani alikuwa anakupisha. Bunduki ilipoingia, aliyekuwa nayo ndiye mkubwa, hata kama ndevu hazijamwota. Nilimsikia kwa masikio yangu mzee wa rika la baba akimwamkia shikamoo mtu wa rika la wanangu, kwa sababu ya kile kilichoning'inia begani mwake. Na yule kijana akaitikia marahaba.

Kaka yangu hakufa vitani. Alikufa siku redio ilipotangaza amani. Wenye bunduki walifyatua juu kwa furaha, mji mzima ukawa unalia kama mahindi kikaangoni. Kaka alikuwa uani ananyoa ndevu mbele ya kioo alichokitundika mlangoni. Risasi iliyopanda kwa furaha ilishuka ikamwingia karibu na shingo. Wifi alikuwa jikoni, ameuelekezea ua lile sikio lililokufa. Alipotoka aliona povu la sabuni limekuwa jekundu.

Basi baada ya hapo tukaanza kuishi na vyombo vya vita kama tunavyoishi na paka. Kabati langu la vikombe lilikuwa sanduku la risasi. Kofia ya chuma ya askari ilinywesha kuku. Mlango wa choo cha jirani ulikuwa ubavu wa gari la deraya, na ukiufunga ulilia mtaa mzima ukajua nani anaumwa tumbo. Tulizoea. Kitu ukishakilalia na kukilia chakula, hukioni tena.

Shule ilipofunguliwa haikuwa na kengele. Ya zamani, kipande cha reli, ilikuwa imekwenda na wanajeshi, sijui walitaka kumwita nani. Mwalimu mkuu akajaribu filimbi. Aliipuliza siku moja tu. Watoto waliposikia filimbi walilala kifudifudi uwanjani, mia na zaidi, mikono kisogoni, kimya. Mwalimu mkuu aliitia filimbi mfukoni na sikumwona akiitoa tena. Wifi, aliyekuwa ameanza kazi wiki ile, alisimama na ufagio wake akitazama, kisha akaniambia, "Hawa wanahitaji kitu cha kuimba, si kitu cha kuamrisha."

Siku chache baadaye tulikwenda kutafuta kuni nyuma ya tanuru la matofali. Yeye ndiye aliyekiona, mtaroni, nusu kimezama: tumbo la duara, mkia wenye mapezi kama ya samaki, na kichwa kilichochongoka. Tulijua ni cha vita. Tulisema ni bomu lililokufa, maana lilikuwa limeanguka na halikulia, na kwetu kitu kisicholia kimekufa. Akaokota jiwe akaligonga kichwani. Ko. Sauti kama ya mtu anayekohoa. Mimi nimeinama pale pale, nimeinua na kidole nisikie vizuri! Akagonga tumboni. Likaimba. Sauti ndefu, tamu, ikapita juu ya tanuru ikaenda mpaka barabarani.

"Tumbo lina sauti, kichwa hakina," akasema. "Kama marehemu kaka yako." Tukacheka mpaka tukalia, kisha tukalia kweli. Akazungusha kata, nikamtwisha.

Alilitundika mwenyewe kwenye boriti ya baraza, kati ya ofisi na darasa la kwanza, kichwa kikitazama chini. Alilifunga kwa waya mzito, fundo lile lile analofungia kuni: ukivuta huku, kule kunakaza. Alama yake ni kwamba halionekani linapoanzia. Na kwa sababu watoto walikuwa wakijigonga kwenye ile ncha, alichukua sweta bovu la shule akashona kofia, akaivisha kengele kichwani, na kitufe juu yake. Kwa hiyo shule yetu ikawa na kengele iliyovaa kofia ya buluu. Aliipiga tumboni kwa kipande cha nondo, na mji mzima ulienda nayo. Fundi viatu alifungua kwa kengele ya saa mbili. Mgonjwa alimeza dawa kwa kengele ya saa nne. Wanawake walibandika vyungu kwa hesabu ya saa nane.

Lakini hakuruhusu mtu mwingine aiguse. Mwalimu, mzazi, mgeni, hakuna. Alisema kengele haina wake wenza. Watu walimwona ana majivuno, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema, maana wifi akikosa kumsema wifi yake atamsema nani?

Mpaka siku aliponigusa mimi. Mwanangu wa pili alikuwa ameajiriwa ualimu pale pale. Kijana msafi, saa mkononi. Siku moja saa yake ikamwambia saa nne imefika, na Bibi Saa hajaonekana. Akaokota jiwe, akaenda akaipiga kengele, na kwa kuwa hakuwa na mazoea aliipiga pale palipomkaribia: kichwani, juu ya kofia. Alikuwa ameinua mkono apige tena wakati wifi alipotokea mbio kutoka nyuma ya ofisi akamtandika kofi mkononi, jiwe likaruka. "Kichwani hapapigwi!" Mbele ya madarasa matatu. Wanafunzi walicheka siku nzima.

Nilikwenda kwake jioni ile ile. "Wifi, umempiga mwalimu mbele ya wanafunzi wake?"

"Nimempiga mtoto niliyembeba mgongoni."

"Ni mtu mzima yule!"

"Basi apige kama mtu mzima."

Nikamwambia kuanzia leo mimi na wewe basi. Akaniambia mlango unaujua. Miaka miwili hatukusemezana. Tulipishana kisimani kama nguzo mbili. Wenye busara husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wote walichukua majembe yao, hakuna aliyetupatanisha.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Wazazi tuliitwa shuleni kwa sababu alikuja mteguaji wa mabomu, yeye na wasaidizi wake wawili, kuwafundisha watoto vitu wasivyopaswa kugusa. Mtu mrefu, mpole, mwenye kidole kimoja pungufu. Wazazi tulikalishwa benchi la barazani, watoto wakapangwa uwanjani, naye akafungua picha zake moja moja. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofungua ya nne akauliza, "Nani amewahi kuona kitu kama hiki?"

Uwanja mzima ukanyoosha mkono.

Akatabasamu, akadhani hawakumwelewa. Binti mmoja wa darasa la pili akasema kwa sauti, "Hiyo ni kengele yetu, ila yako haina kofia!" Watoto wakacheka, na sisi wazazi tukacheka. Yule bwana hakucheka. Alifuata vidole vya watoto mpaka barazani, macho yake yakafika juu ya boriti, yakakaa pale. Nilimwona akiiweka fimbo yake ya kuonyeshea picha chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Inapigwa?" aliuliza.

"Kila siku!"

"Mara ya mwisho?"

"Saa mbili! Na sasa hivi itapigwa tena, saa nne!"

Kivuli cha nguzo kilikuwa kimefika kwenye mstari. Na wifi alikuwa tayari ametoka nyuma ya ofisi, nondo mkononi, akitazama sakafu yake, akiwa ametuelekezea sisi sote lile sikio la kushoto, na la kulia nalo lilikuwa limefifia kwa miaka. Yule bwana akapaza sauti, "Simama, mama! Simama!" Walimu wakapaza sauti. Mwanangu alianza kukimbia kutoka mwisho wa uwanja. Wifi akasimama chini ya kengele, akapanga miguu kama alivyoipanga miaka kumi na moja, akainua mkono.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka baridi ya nondo kiganjani, nimeidaka kwa nyuma.

Akageuka. "Wewe!" Jicho limemtoka. "Umeanza kuwa na mikono, sasa bado ulimi."

"Wifi, usipige."

"Saa nne imefika."

"Usipige, wifi yangu."

"Mwanao ndiye kakutuma?" Akavuta nondo, nami nikavuta. Tulikuwa tunagombea chuma chini ya bomu, wanawake wawili wazima, kichwa cha lile bomu kikiwa karibu na nywele zetu. Kisha akaona uso wa yule bwana juu ya bega langu, na kwa kuwa alikuwa amezoea kusoma nyuso, akaachia.

Mteguaji alitusogeza kwa mikono miwili, hakutusukuma. Akainua shingo akatazama juu muda mrefu. "Ni zima," alisema. "Na waya umeliwa na kutu. Pale juu nyuzi nyingi zimekatika."

Mwalimu mkuu, jasho limemtoka, akasema, "Lakini tumelipiga miaka kumi na moja."

"Ndiyo. Na halikuwaahidi kitu kuhusu leo."

Ikabidi watoto waondoke. Bila kukimbia, bila filimbi, bila kelele, darasa moja moja kupitia ua wa nyuma hadi uwanja wa mpira ng'ambo ya barabara. Wakubwa walikwenda. Darasa la kwanza walikuwa wameachwa ndani wakiandika, na ukuta wao ndio ule uliobeba boriti. Mwalimu wao akawaambia watoke. Hakuna aliyeinuka. "Mwalimu, kengele bado," wakamwambia. Akawaambia tena. Wakamtazama kama mtu anayewajaribu. Walikuwa wamefundishwa na wifi yangu mwenyewe: kabla ya kengele, hatoki mtu.

Nikamwona wifi anaingia darasani. Akanyoosha mkono mbele, akaushusha hewani kama anayepiga, mara nne. Watoto wakainuka, wakatoka wakiwa wamepanga mstari, wakapita chini ya ile kofia ya buluu mmoja mmoja. Nilihesabu hamsini na mbili.

Uwanjani tuliketi chini. Mteguaji alirudi kuliangalia, akaja tena kwetu. Mwalimu mkuu akamuuliza kwa nini asililipue pale pale, biashara iishe. Akasema inawezekana, ila ofisi na madarasa mawili yataondoka nalo.

"Anasemaje?" wifi akaniuliza.

Nikamwinamia sikio la kulia, mara ya kwanza kwa miaka miwili, nikamwambia.

"Mwambie sikuifagia shule hii miaka yote ili yeye aje anifagilie."

Nikamwambia. Yule bwana akaitikia kwa kichwa, heshima kabisa. "Basi nitalishusha. Nitaweka mifuko ya mchanga chini yake mpaka liegemee, kisha nitakata waya upande wa kushoto, ambao haujaliwa na kutu. Lakini fundo silielewi. Sioni linapoanza. Nani alifunga?"

Nikamweleza wifi. Alivua kilemba chake, akakisokota kikawa kamba, akaushika mkono wangu akauinua hewani. "Mkono huu ni boriti," akasema. "Usitikisike. Hata kama nakuudhi." Akafunga kifundo changu cha mkono kwa lile fundo la kuni, akaning'iniza kiatu chake chini. "Haya, mwambie akate kushoto."

Mteguaji akashika upande wa kushoto, akaulegeza kama aliyekata. Fundo lote likafunguka kwa mpigo, na kiatu kikaanguka, ncha mbele, tap, kwenye vumbi.

Wasaidizi wake wawili walitazamana. Yeye aliangalia kile kiatu, kisha akajifuta viganja kwenye suruali.

"Mifuko ingelishika," alisema mmoja wa wasaidizi.

"Labda," alijibu mkubwa wake.

"Fundo la kuni halikatwi," wifi akasema, safari hii hakunisubiri nitafsiri. "Linarudishwa. Huu mkia wa waya uliojificha nyuma, unausukuma ndani ulikotoka, nalo linalegea kidogo kidogo, mzigo unashuka wenyewe. Lipake mafuta kwanza. Nipeleke nikakuonyeshe."

"Bibi, hapana."

"Anakataa?" akaniuliza.

"Anakukataa wewe."

"Miaka kumi na moja linaujua mkono wangu!"

Nikamshika uso, nikamgeuza anitazame mdomo. "Wifi. Bomu halimjui mtu. Halikumjua hata aliyelitengeneza." Sijui maneno yale niliyatoa wapi. Aliusoma mdomo wangu mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo kiziwi huwa hajui kuipima, "Basi ajifunze hapa."

Akajifunza juu ya mkono wangu. Akafunga, akakosea, wifi akampiga vidole. "Sivyo! Hukuwahi kubeba kuni wewe?"

"Nilikuwa nabebewa, bibi."

"Ndiyo maana."

Akafunga tena, akafungua. Mara ya tatu, ya nne, ya saba. Kifundo kilivimba, boriti haikutikisika. Mara ya kumi alifumba macho akalirudisha fundo kwa kupapasa, na kiatu kikashuka taratibu mpaka kikagusa nyasi. Wifi akamwangalia, akamrekebisha kola ya shati kana kwamba anakwenda kuoa. "Nenda," akasema.

Tulibaki tukitazama. Kutoka uwanja wa mpira baraza lilionekana dogo kama kiberiti. Tuliona wasaidizi wakipanga mifuko, wakaondoka. Tukamwona yeye peke yake juu ya ngazi. Watoto walikatazwa kusema, na kwa mara ya kwanza watoto mia sita walitii kitu kisicho kengele. Nzi alitua mkononi kwangu nikamwacha.

Nilitaka kuuliza, nikaogopa, kisha nikauliza. "Wifi, ulijua?"

"Nini?"

"Kwamba ni zima. Ndiyo maana ulikataza kichwani?"

Macho hakuyatoa kwenye ngazi. "Nilijua ni bomu. Nilidhani limekufa." Akatafuta kiatu chake kwa mguu, akakivaa. "Na maiti pia hapigwi kichwani."

Mwanangu alikuwa nyuma yetu, amesimama, anaangalia kiganja chake cha kulia kana kwamba kimeandikwa kitu. Nikakumbuka lile jiwe. Alikuwa amepiga mara moja. Ya pili ilikuwa hewani. Mimi miaka miwili nilikuwa nimemnunia mtu aliyeuzuia mkono ule.

"Miaka miwili, wifi," nikasema.

"Nilijua umechoka kusema," akanijibu. "Nikakuacha upumzike."

Ngazi ikatikisika. Mtu mmoja nyuma yetu akaguta, akazibwa mdomo. Tukamwona mteguaji ameinama, mabega yamepanda mpaka masikioni, hayashuki. Wifi alikuwa amenishika pale pale palipovimba, anakaza, na vidole vyake vingine vinasukuma hewa: ndani, ndani, ndani. Alikuwa anafungua pamoja naye.

Kisha yule bwana akashuka, na mikononi alikuwa na kitu amekikumbatia kifuani.

Alilibeba kwa miguu, hatua moja moja, mpaka mtaroni nyuma ya tanuru, pale pale tulipolitoa. Walilichimbia shimo, wakalizungushia mchanga, wakavuta nyaya zao. Mchana ulikuwa umekwenda. Alipokuja kwetu alikuwa na kofia ya buluu mkononi, akampa wifi kwa mikono miwili. "Tuko tayari, bibi. Unataka lini?"

Wifi akatazama kivuli changu ardhini. Nilifikiri atasema lolote, yaishe. "Bado," akasema. Tukasubiri. "Bado kidogo." Hata mteguaji alisubiri, mtu mwenye kifaa chake mkononi. Kivuli kikasogea upana wa ukucha.

"Saa nane," akasema. "Piga."

Ardhi ilipanda ikashuka. Nilipofumbua macho nilikuwa kifudifudi, mchanga mdomoni, mikono kisogoni, na wifi yangu kando yangu vivyo hivyo. Wazazi wote walikuwa chini. Mwalimu mkuu chini. Mwanangu chini. Na watoto walikuwa wamesimama, wote, wanapiga makofi, kisha wakaacha wakatutazama kwa mshangao. Walizaliwa baada ya vita, au walikuwa wachanga vilipokwisha. Hawakujua kwa nini watu wazima wamelala.

Wifi aliinuka mwisho. Hakwenda kuona shimo. Jioni ile nilimpelekea chakula, hakukigusa; alikuwa ameketi kitandani, ile kofia mapajani. "Mia sita, wifi," akasema. "Kila siku mara tatu. Mimi ndiye niliyewaita chini yake." Nikamwambia wewe ndiye uliyelivika kofia. Nililala kwake siku ile, na wiki nzima.

Jumatatu fundi wa magari alileta rimu, wakaitundika kwenye mti uwanjani, mbali na kuta. Kivuli kilipogusa mstari wifi alisimama mbele yake na nondo, akapanga miguu, akainua mkono. Mkono ukabaki juu. Watoto wanasubiri langoni, walimu wanasubiri. Niliona kivuli kinaupita mstari. Kwa kivuli chake hakuwahi kuchelewa hata mara moja.

Akageuka akaninyooshea nondo. "Piga wewe."

"Mimi? Kengele haina wake wenza."

"Piga, nisije nikaghairi."

Nikapiga. Rimu ikatoa sauti ya sufuria.

"Mungu wangu," wifi akasema. "Unapiga kama mtu anayebisha hodi akiomba wasimfungulie. Tena! Kwa nguvu!"

Nikapiga tena, na watoto wakaingia mbio.

Tangu siku ile hakupiga tena maishani mwake. Alikaa kwenye kiti barazani, na mistari yake, akatazama kivuli, na muda ukifika alishusha mkono hewani. Mwanangu, au mwalimu yeyote aliyekuwa karibu, alipiga rimu. Miaka tisa ilikwenda hivyo. Tulipomzika nilitia ile kofia ya buluu chini ya mkono wake, wala sikumwomba mtu ruhusa. Nondo ninayo mimi, ipo nyuma ya mlango wangu. Na pale shuleni, mwalimu wa zamu akitaka kupiga kengele, bado anatazama kwanza barazani, kwenye kiti kile, kuona kama mkono umeshuka.